Paka Ana Mawazo

3 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limekupa nafasi kidogo. Mimi sijambo, nimefika salama, ila mgongo unalalamika kwa safari ya siku mbili. Naandika kwa sababu kwenye simu hatuelewani: mimi nauliza hali, wewe unajibu "sawa, sawa," halafu unakata.

Kiwanda ni kikubwa. Tuko mafundi sitini, tunashona sare za wauguzi kwa miezi mitatu. Mimi nimepangiwa mikono ya kushoto. Ya kulia inashonwa chumba cha pili.

Sasa habari za paka wangu Kifungo. Najua hukumtaka, lakini sikuwa na mwingine wa kumwachia. Chakula chake ni samaki wa kuchemsha, kidogo asubuhi na kidogo jioni. Maziwa hapana. Maini hapana, wala mafuta, Baba, nakujua. Boksi lake la mchanga wa choo liko pembeni ya cherehani, usilisogeze. Ni paka mwenye mambo yake, hapendi kubadilishiwa.

Siku ile naondoka niligonga mlango wa chumba chako mara tatu. Nilikusikia unakohoa, kwa hiyo ulikuwa macho. Najua bado unaona aibu kwamba mtoto wa mwenye bucha anashona, na kwamba bucha uliiuza kwa sababu sikutaka kuirithi. Haya, tuyaache. Nisalimie paka.

Mwanao.


14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, kinachoumwa ni goti peke yake. Nimefurahi kusikia umefika.

Huyu mnyama wako ataniua. Siku mbili za kwanza alikaa chini ya cherehani anatazama mlango, chakula hakukigusa. Nikasema moyoni, huo mgomo wake, atachoka mwenyewe. Siku ya tatu nikamwonea huruma. Miaka thelathini nimesimama bucha nikifukuza paka kwa ufagio, na leo nakata maini vipande vidogo vidogo kwa mkono wangu, namtengea mmoja kwenye sahani. Najua ulikataza. Lakini mimi sijaona ugonjwa ulioshinda maini.

Alikula yote. Kesho yake tumbo likafunguka. Ameharisha kwenye mkeka, ameharisha mlangoni mwa jikoni, na ameharisha ndani ya kiatu changu cha kutokea, cha mguu wa kulia. Nilikivaa. Sitaki kuongea zaidi juu ya hilo.

Boksi la mchanga nililisogeza kidogo tu, lilikuwa njiani.

Na siku ile ulipogonga, nilikuwa natafuta soksi.

Baba yako.


23 Machi

Baba,

Shikamoo, na pole sana kwa kiatu. Nilicheka mpaka mwenzangu wa kitanda cha jirani akadhani nimepata habari mbaya.

Lakini sasa sicheki. Maini achana nayo kabisa. Mpe kuku wa kuchemsha bila chumvi, kidogo kidogo, na maji safi yasikosekane. Boksi rudisha mahali pake. Kama barua hii itakukuta bado anaharisha, usingoje hata siku moja, mpeleke kwa daktari wa mifugo nyuma ya soko. Paka akipoteza maji mwilini haichukui muda.

Nilimwokota akiwa mdogo kiasi cha kulala ndani ya kopo langu la vifungo, ndiyo maana nikamwita hivyo. Baba, wewe na yeye ndio watu wangu. Akifa huku mimi nashona mikono ya kushoto, sitajisamehe.

Mwanao.


4 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Huku ni salama, na nakuomba utulie kabla ya kuendelea kusoma. Yuko hai.

Ungeniambia mapema huyo daktari ni nani, nisingekwenda. Ni yule yule aliyekuwa mkaguzi wa nyama, aliyenikatalia ng'ombe mzima mbele ya wateja wangu. Miaka kumi na moja tunapishana barabarani, kila mtu anaangalia upande wake. Nikaingia na kikapu, paka analia ndani, na mimi mguu mmoja kiatu cha kutokea, mwingine kandambili. Akanitazama kutoka juu mpaka chini. Akasema, "Leo umeniletea aliye hai."

Nilimeza. Nilimeza kwa ajili yako, ujue.

Alimbonyeza tumbo, akapima joto, akachungulia choo kwenye hadubini yake. Minyoo hakuna, damu hakuna. Akasema paka ana mawazo. Nikamuuliza, mawazo gani? Hana mke, hana goti, hana mtoto anayekaa mbali. Akasema paka akiondokewa na mtu wake, au akivurugiwa utaratibu, hofu inamshukia tumboni. Maini yangu yalikuja tu kumalizia kazi. Akauliza ni nini kimebadilika nyumbani. Nikasema hakuna kitu, ila mwanangu kaondoka na nyumba iko kimya. Akaliandika hilo kwenye kadi, mstari mmoja na dawa.

Amri zake: kuku, saa zile zile kila siku. Boksi mahali pake. Shati lako ambalo halijafuliwa, alilalie. Na kelele za nyumba zirudi kama zilivyokuwa. Sasa nyumba hii ina kelele gani zaidi ya cherehani lako?

Basi jana saa nne asubuhi nilifunga madirisha, nikakaa kwenye kiti chako, nikakanyaga pedali. Bila uzi, bila kitambaa. Nimeshona hewa nusu saa nzima. Paka akatoka chini ya meza, akasikiliza, akapanda juu ya shati lako akalala. Leo choo chake kina umbo. Sikuwahi kufikiria kwamba ipo siku nitamwandikia mtu habari hiyo kwa furaha.

Baba yako.


15 Aprili

Baba,

Shikamoo. Goti linasemaje na hiyo pedali? Mimi mzima, na tangu barua yako ije, mzima zaidi.

Niliwasomea wenzangu. Kosa kubwa. Sasa mafundi sitini wananiuliza kila asubuhi choo cha paka kimeamkaje.

Ila usikanyage cherehani tupu, yale meno ya chini yanayovuta kitambaa yatalika. Weka kitambaa. Kuna mfuko wa vipande nyuma ya mlango, chagua kizito. Na ukishaweka kitambaa, tia na uzi basi, ni dhambi kupitisha sindano bure. Uzi unatoka juu, unapita kwenye ile ndoano, unashuka, unaingia sindano kutoka mbele. Vaa miwani. Vidole viweke mbali.

Na kama kweli umeanza kuelewana na cherehani, litoe sandukuni lile shati nililokushonea mwaka wangu wa kwanza wa ufundi. Livae hata siku moja tu, si lazima utoke nalo.

Mwanao.


2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mgonjwa anaendelea vizuri, ameanza kunidharau tena. Mimi nimejishona kidole, si sana.

Mama wa ghorofani alisikia cherehani akashuka na sketi mkononi, akijua umerudi. Nikamweleza kwamba natibu paka. Akasema haya, ukimaliza kutibu nipunguzie na huu upindo, akaiacha. Nilihangaika nayo siku tatu. Upande mmoja umeshuka kuliko mwingine, lakini na yeye hutembea akiegemea upande, kwa hiyo imemkaa. Sasa ameshawaambia wenzake, nina sketi nne na suruali ya mtu nisiyemjua.

Shati nimelijaribu. Linanibana tumboni. Nimelirudisha.

Kuna jambo nataka kukuambia. Kitambaa kina mwelekeo wake, kama nyama. Ukifuata nyuzi kinakutii, ukikata kinyume kinakuaibisha. Hilo ulinieleza ukiwa na miaka kumi na tisa, mimi nikakwambia usinifundishe kukata. Nilidhani umeikimbia kazi yangu. Kumbe ulihama meza tu. Nilipaswa kuliona zamani, kabla sijauza bucha kwa hasira halafu nikakubebesha wewe lawama. Basi, nimeshasema.

Yule daktari hupita jioni kumwangalia mgonjwa. Mgonjwa amepona wiki tatu sasa. Tunakunywa chai. Bado anasema ng'ombe yule alikuwa mbovu.

Baba yako.


16 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini kidole kimepona. Barua yako ya kitambaa na nyama natembea nayo mfukoni, mikunjo imeanza kuchanika.

Leo nina swali kubwa. Mkurugenzi ameniita ofisini. Anataka nibaki, niwe msimamizi wa meza ya kukatia, ajira ya kudumu, na chumba cha kuishi ndani ya uzio wa kiwanda. Anataka jibu mwisho wa mwezi huu. Nikikubali, nyumbani nitakuja mara moja kwa mwaka. Kifungo atabaki na wewe, maana hapa wanyama hawaruhusiwi.

Wenzangu wanasema ni bahati. Mimi sijui. Kwa hiyo nakuuliza wewe, na sitaki unijibu sawa, sawa. Nikae au nirudi? Ukinyamaza nitasaini, maana nitajua bado unatafuta soksi.

Mwanao.


24 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na hongera sana. Cheo hicho kinakufaa, unajua kukata. Saini. Sisi huku hatuna neno. Chumba chako kimeshakuwa kiwanda cha sketi, na mimi nina shughuli mpaka shingoni.

Ila nisikufiche, Kifungo amerudiwa na ugonjwa wake. Ulianza siku ile ile barua yako ilipofika. Tumbo limevurugika kabisa. Kuku hamtaki, hata wa kukaanga. Kitandani anageuka huku na huku mpaka kunakucha. Jana aliacha chai nusu kikombe. Asubuhi alitoka bila miwani akamsalimia mama wa ghorofani habari za jioni. Daktari alipokuja akampima presha, akasema ugonjwa hauoni, ni mawazo yale yale, akaandika kwenye kadi ile ile.

Lakini wewe usimfikirie paka. Paka ni paka. Atazoea.

Baba yako.


31 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma peke yangu, halafu nikawasomea wenzangu, halafu nikatoka nje nikalia kidogo. Mafundi sitini wanauliza Kifungo ameanza lini kuvaa miwani.

Sijasaini. Nilimwambia mkurugenzi nina mgonjwa nyumbani. Akauliza ni nani, nikajikuta nasema ni paka. Akanitakia kila la heri.

Na usije ukajilaumu. Miezi mitatu nimeshona mikono ya kushoto na sijaona sare nzima hata siku moja. Nataka kushona nguo kuanzia kola mpaka upindo, chumbani kwangu, na mtu akikohoa chumba cha pili. Nimekukumbuka, Baba. Nilikuwa nangoja uniite tu. Umeniita kwa mdomo wa paka, lakini nimesikia.

Mpaka nifike, mgonjwa ale kuku wa kuchemsha, kidogo kidogo, saa zile zile. Akae karibu na cherehani. Akitaka kulalia shati langu, alilalie, sitamwambia mtu. Maini usimpe, wala usijipe.

Basi langu linaingia Alhamisi ya tarehe 12, saa nne asubuhi. Usisumbuke kuja stendi, na goti hilo. Nitafika mwenyewe.

Mwanao anayerudi.


12 Juni, saa kumi na mbili asubuhi
(Karatasi hii naiacha juu ya cherehani)

Mwanangu,

Kama unasoma hapa, tumepishana, na mimi bado niko stendi nakungoja. Geuka uje unichukue.

Najua basi linaingia saa nne. Nimetoka mapema kwa sababu safari ile sikutoka kabisa. Soksi nilikuwa nimezivaa, zote mbili. Nilikaa kitandani nikasikiliza unavyogonga, na nilipoinuka ulikuwa umeshafika barabarani.

Nimevaa lile shati. Nimefumua mshono wa ubavuni nikaongeza kipande, na kwenye mfuko wako wa vipande sikupata rangi yake, kwa hiyo ubavu mmoja ni mwekundu. Utanitambua kwa huo. Daktari amesema lingekuwa nyama, angelikataa.

Kifungo ameshakula, asikudanganye. Tumbo lake halijawahi kuwa na shida tangu Aprili. Langu limetulia siku ile barua yako ilipofika.

Baba yako.