Boila Mpya na Bakuli la Mama Yako

Miok mwanangu,

Supu ya mwani iko jikoni, ipashe tu. Mimi naenda Mokpo na basi la saa tano.

Fundi aliyekuja asubuhi atarudi saa kumi, ukishatoka kazini. ~~Mwambie hatutaki boila mpya ya kupasha sakafu joto, aikarabati hii kuukuu.~~ Mwambie afunge ile uliyoichagua.

Asubuhi nilipoipinga boila mpya mbele yake ukaniuliza, "Baba, wewe unalala hapa siku ngapi kwa mwaka? Boila inakuhusu nini?" Ulisema kweli. Ila fundi aliposema sakafu nzima itapata joto sawasawa, macho yangu yalikwenda kwenye ile kona ya sakafu ambayo boila hii huipasha kuliko kwingine. Hapo ndipo marehemu mama yako alipokuwa akiweka bakuli langu la wali, akalifunika blanketi, kila jioni, hata miezi ambayo hakujua niko wapi. Nilikuwa naingia bila taarifa, nalikuta lina joto.

Basi ifungwe. Anayeamka na miguu ya baridi ni wewe, si mimi.

Bakuli lile nimeliosha, liko hapa mezani. Ijumaa usinifunikie wali. Nitafika kabla haujaiva.

Baba yako