Mama mkwe na hita

Kaka, nimekwisha.

Si unakijua kile kigari changu cha zamani cha spoti nilichokiwekea injini kubwa? Nimebadilisha rejeta, pampu, feni, bado kinachemsha. Fundi akasema niwashe hita mpaka mwisho, ivute joto la injini.

Sasa leo nimempakia mama mkwe. Jua la utosini, foleni haisogei, hita inatupulizia moto usoni.

“Mwanangu, zima hicho kitu.”

Nikamwambia nikizima, gari litakufa.

“Usipozima nakufa mimi.”

Mama mkwe huyo, kaka. Nakufa mimi kwa aibu.

Akashuka, akatembea. Foleni ikasogea, nikamfikia, nikamfungulia mlango. Akaufunga taratibu, akaendelea na safari yake.

Na mshale wa joto bado unapanda.