Maksai wa Apalongor

Jumatatu, 1 Machi 1976. Lodwar.
Koti jeusi tena. Joto la kuoka mkate, nami nimefunga tai mpaka kooni. Bosi wangu wa Kitale anasema wakili asiye na koti ni karani. Haya. Niliapishwa mwaka jana tu, na hii ndiyo kesi yangu ya kwanza bila yeye pembeni. Apalongor, mfugaji wa Kakuma, ameshtakiwa kwa kumwiba maksai wa jirani. Anasema ni wake, kamlea tangu ndama. Hata hilo jina analoitwa kalipata kwa maksai huyo. Tukishindwa, atafungwa miaka. Nimemwona rumande. Nikamsalimia kwa lugha yake, "ejok", akacheka matamshi yangu mpaka akakohoa. Nimempenda mzee huyu.

Jumatano, 3 Machi. Kakuma.
Hakimu amekuja kusikiliza kesi huku wiki hii. Maksai kafungwa nyuma ya kituo cha polisi. Ni kielelezo cha ushahidi kortini, haendi malishoni. Mbavu nje nje. Ekai, mkalimani wetu, alinivuta kando. "Wakili, hii mzee nasema wamwache aimbe. Ng'ombe yake itakuja yenyewe."
Kumbe kila mwanamume hapa ana wimbo wa maksai wake. Akiimba, mnyama anamfuata. Ekai anataka jirani naye aimbe, tuone. Nilicheka. Ushahidi wa wimbo! Profesa wangu angezirai.

Ijumaa, 5 Machi. Kakuma.
Hakimu mwenyewe aliuliza kama utetezi unataka mnyama aletwe uani, mzee amwimbie. Watu walishasogea kupisha nafasi. Apalongor alishavuta pumzi. Nikasimama, nikaomba kesi iahirishwe ili niandae hoja za kisheria kwa maandishi. Kizungu kilitiririka. Nimepewa wiki mbili.
Apalongor alinitazama sana. Ekai alitangulia njiani, hakuningoja. Kanikasirikia, na akasirike. Sikusomea sheria nije kuchezesha ng'ombe.

Jumapili, 14 Machi. Lodwar.
Nimemaliza hoja. Nimezisoma kwa sauti chumbani, peke yangu. Tamu! Najisifu, nani atanisifu? Kanisani sikwenda.

Alhamisi, 18 Machi. Kakuma.
Maksai amekufa juzi.
Nyasi hakuna, kisima kimekauka, na kielelezo hakitolewi bila amri ya mahakama. Amri ilikuwa ya kuombwa na mimi. Haikunijia hata akilini. Nilikuwa Lodwar, natafuta maneno mazuri.
Apalongor kaomba wembe. Kanyoa nywele zote, zile alizozisuka na kuzipaka udongo miaka yote. Nikamuuliza Ekai, kwani kafiwa? Akasema ndiyo. Sikuthubutu kumwangalia mzee usoni. Naona aibu.

Ijumaa, 19 Machi. Kakuma.
Nilisoma hoja zangu zote. Hakimu alisikiliza kwa adabu. Jirani alikuwa na ndugu zake watatu, wote waliapa kwamba wanamjua mnyama. Mimi nilikuwa na karatasi. Apalongor alipopewa nafasi, alisema shahidi wake hayupo tena.
Miaka mitano.
Mkewe hakulia. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kuja kutoka mbali. Mama yangu wee. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 27 Machi. Lodwar.
Bosi ameleta ujumbe: hakuna wakili asiyeshindwa, rudi Kitale, kazi imejaa. Kabla ya kuondoka nimepita gerezani na Ekai, nikiwa na karatasi za rufaa. Mzee aliweka dole gumba nilipomwonyesha, hakuuliza ni za nini. Kakonda.
Aliuliza jambo moja tu. Maksai alipokufa, watoto wa karibu na kituo walipata nyama?
Nikasema walipata.
Ekai akatafsiri. Mzee akaitikia kwa kichwa, uso ukamlegea kidogo.
Sijui kama walipata.