Dakika Tisa za Baba Nareyu

Jumatatu, 3 Machi 2025
Dakika tisa na sekunde arobaini za sauti. Zimepotea Ijumaa, tarehe 28 Februari, mezani kwa Benson. Naandika mapema kabla hajaanza kujitetea.

Harusi ya Nareyu, Endulen, Desemba. Baba yake alipombariki pale bomani nilikuwa nimembania mzee maiki ndogo kwenye shuka, kifuani. Kamera ikachukua sauti njia mbili: ya kwanza maiki ya juu ya kamera, ya pili maiki ya mzee mwenyewe. Mzee amefariki wiki tatu zilizopita. Nareyu halitaji jina lake tena – kwao marehemu hatajwi jina – anasema baba tu. Aliomba kipande hicho kimoja kwenye flashi. Tivii yao ya sola haisomi faili za kamera yangu, inataka MP4. Kompyuta yangu ikagoma kuibadilisha mara tatu, kila mara asilimia 38. Nikapeleka kwa Benson, mwenye mashine kubwa pale stendi.

Nikampa kadi yenyewe. Bila nakala! Mimi, niliyeanza kupiga video na simu moja iliyopasuka kioo, niliyebandika ukutani mwa duka langu: HAKUNA KADI KUTOKA BILA NAKALA.

Leo nimefungua MP4 aliyonitengenezea. Picha safi. Mdomo wa mzee unacheza, sauti ni upepo, ng'ombe na nyimbo za mbali.

Jumanne, 4 Machi 2025
Benson anasema hakukosea, alichagua. Alizisikiliza njia zote mbili. Ya pili akamkuta mzee ananong'ona, anatema mate, anarudia tena.

"Dada Felista, nilijua maiki imekufa. Nani anataka kusikia mate kwenye harusi?"

Akabakiza ya kwanza, yenye nyimbo kwa mbali. Kwa kina Nareyu mate ndiyo baraka yenyewe! Mimi Mwiraqw wa Mbulumbulu, jirani yao, nalijua hilo tangu mdogo. Yeye kaja kutoka Singida mwaka juzi, halijui. Sawa, si kosa. Ila hakuuliza.

Nimepiga hesabu. Faili nzima yenye baraka ni dakika 31, GB 11.6. Njia moja ya sauti ni MB 180 hivi. Hata nafasi hakuokoa!

Nikadai kadi yangu. Akasema nije kesho.

Jumatano, 5 Machi 2025
Kadi hana. Ameiformati, akamwazima Richard, dereva wa watalii, mteja wake mkubwa. Yuko Ndutu tangu Jumatatu na wageni, anarekodi nyumbu wanaozaa.

Nikakumbuka: kuformati si mwisho. Kilichofutwa bado kimo mpaka kingine kiandikwe juu yake, na kamera inaandika kuanzia mwanzo wa kadi. Baraka nilirekodi mwisho – inaanzia kama GB 40. Benson anasema kwa kawaida Richard anajaza GB 8 kwa siku. Jumatatu 8, jana 16, leo 24. Kesho 32. Ijumaa jioni, 40.

Nimemwambia Benson ampigie, atoe kadi, aweke nyingine. Amesema Ndutu mtandao unasumbua. Nikaomba namba nipige mwenyewe. Namba ya mteja hatoi.

Alhamisi, 6 Machi 2025
Nimepita kwake mara nne. Kaenda kula. Kaenda kanisani. Yupo ila ana mteja. Mara ya nne akaniambia nisimharibie kazi kwa ajili ya mzee aliyekwisha kuzikwa. Akacheka peke yake, akaona sijacheka.

32.

Ijumaa, 7 Machi 2025
Saa nne asubuhi. Nareyu ameshafika kuchukua kipande chake, na flashi yake kaifunga kwenye kitambaa. Nilishindwa kutunga uongo. Nikamwambia yote, nikamwekea ile isiyo na sauti ya mzee aone nilichonacho.

Hakulia. Mzee alipoinua mkono kwenye kioo, yeye akainamisha kichwa mbele ya kompyuta yangu, kama siku ile. Akakaa hivyo mpaka picha ikaisha. Akauliza kama anaweza kusubiri hapa hapa dukani.

Benson amejibu meseji yangu: usijali dada, mambo yatakaa sawa. Hilo si jibu.

Nimemwandikia tena sasa hivi, Nareyu akisoma begani kwangu:

"Benson. Kadi imetoka kwenye kamera ya Richard, ndiyo au hapana? Nataka neno moja, kabla ya saa sita mchana."