Ndege wa Kushoto

Mwanangu Agnella, ugali nimeufunika, mboga ipo chunguni. Kuku wafungie.

Leo asubuhi umenifokea mbele za watu, "Baba, unaamia ndege au unasinzia?" Sikusinzia. Ndege wamekula mpunga wote wa kushoto kwa sababu pembeni sioni tena, naona mbele tu. Marehemu mama yako angeniuliza kwanza.

Miaka yote hospitali wananiongezea unene wa miwani ya kuonea mbali, pembeni hakunipima mtu. Juzi ndiyo wananiambia huku kutoona mbali kumeshaharibu mishipa ya macho, na haiponi. Wao mshahara unaingia.

Nakwenda kumkabidhi jirani Evod shamba. ~~Nitarudi mwenyewe.~~ Njoo unichukue kabla jua halijazama. Pikipiki zikitokea pembeni sizioni.

Baba yako