Filimbi ya Baba

Nakuru, Jumapili

Kaka Sitati,

Hushiki simu zangu huko Qatar, basi soma karatasi. Mahindi yamekauka vizuri. Binti yangu Becky amepata kazi Olkaria.

Ile injini ndogo ya treni ya mvuke ambayo Baba alikuwa akiendesha imetengenezwa. Jana iliwashwa makaa mbele ya watu, na mzee Ephantus, aliyekuwa akimtilia Baba makaa, akaombwa apige filimbi. Aliipiga vile Baba alikuwa akipiga akikaribia kota zetu za reli, mbili fupi na moja ndefu, ili Mama ajue kuweka maji ya ugali. Mama alikuwa nyumbani. Niliporudi nilikuta sufuria inachemka, naye ameketi akitazama mlango.

Unakumbuka filimbi hiyo ilivyopotea. Ufunguo wa yadi alikuwa nao Ephantus, kwa hivyo Baba akamwita mwizi mbele ya kanisa lote. Hawakusalimiana tena. Siku tulipomzika Baba, Ephantus alisimama nje ya ua mpaka tukamaliza.

Mafundi waliipata kwa muuza vyuma wa Gilgil. Nilimuuliza mwenyewe aliitoa wapi. Akasema aliuziwa na kijana wa dereva wa injini, yule aliyekuwa anajiandaa kwenda Qatar.

Jana Ephantus alinishika mkono akasema, "Laiti mzee wako angesikia." Sikuweza kumtazama usoni.

Mama anauliza nani aliiba. Nimemwambia wewe unajua, na kwamba utampigia. Tangu asubuhi amekaa na simu mkononi.

Dada yako,
Nafula