Wa Tatu Darasa la Tano

Bweyeye, mwisho wa mwezi wa saba

Mdogo wangu mpendwa Bernadette,

Nakusalimu kwa amani ya Bwana, wewe na shemeji Mulume na majirani wote wanaonikumbuka huko Kadutu. Mgongo unaendeleaje? Maman huniuliza kama bado unabeba beseni la samaki mwenyewe, nami humjibu kuwa umeacha. Sasa acha kweli, usinifanye mwongo. Sisi tuko wazima. Maharage yametoka vizuri, na Maman anakohoa asubuhi tu. Binti yako Elikia naye ni mzima. Amerefuka hadi ile sketi ya Pasaka imepita juu ya magoti.

Nilipata ujumbe wako kwamba shemeji amemtafutia nafasi katika shule ya masista hapo Bukavu, aingie darasa la sita mwezi wa tisa, na kwamba uliwanunulia kwaya nzima soda kwa sababu mwanao amekuwa wa tatu darasani. Nimeona nikuandikie. Kwa simu huniachi nimalize, na mtandao wa huku nao hauna adabu. Barua hii anakuletea Mwalimu Drocella, anayefundisha la tano na la sita. Anashuka Cyangugu kung'olewa jino, kisha atavuka mpaka pale Rusizi ya Kwanza akupe mkononi. Mpe chai, isiwe ya moto sana.

Wewe hujawahi kufika shuleni kwangu, maana Elikia ulinikabidhi pale Kamembe ukageuza. Ni shule ndogo mno. Watoto wote, kuanzia la kwanza hadi la sita, ni arobaini. Zamani walikuwa wengi, lakini mlima ulipoporomoka familia nyingi zilihamia chini barabarani, na watoto wao wakaenda nazo. Waliobaki ni watoto wa wakulima, na karibu nusu yao wanalelewa na bibi zao. Wasichana ni wengi kuliko wavulana, kwa sababu mvulana akishapata nguvu za mikono hukimbilia vibarua vya chai. Wanaosema Kiswahili nyumbani ni watano, Elikia akiwemo. Wengine wanne wazazi wao walikulia Kongo kama sisi. Walimu tuko watatu, na mimi direkta, mkuu wa shule, ndimi ninayepiga kengele na kufagia. La tano na la sita wanakaa chumba kimoja, wamegeuziana migongo, kila darasa na ubao wake. Drocella akimaliza hesabu upande huu, anageuka kuanza sayansi upande ule.

Matokeo ya mwaka huu si ya kulia. Wadogo wa la kwanza wanasoma vizuri, maana wako saba na kila mmoja anasikilizwa. Kinachotuangusha ni Kiingereza. Masomo yote ni kwa lugha hiyo, na hapa mlimani hakuna wa kuisema naye ila sisi walimu, nami Kiingereza changu unakijua.

Siku ya proklamasio, ya kutangaza matokeo, wazazi hukaa kwenye nyasi, nami husimama na kumwita kila mtoto kwa jina na nafasi yake. Pointi hatuzitangazi, ziko kwenye karatasi anayopewa mtoto, na idadi ya darasa haijawahi kutajwa na mtu. Nilipomwita Muhigirwa wa la sita, nikasema wa nne, bibi yake Nyirahabimana aliruka akacheza mbele ya wote, kisha akatugawia pombe ya ndizi. La sita wako wanne tu. Nani angemwambia? Nilipokea kikombe changu nikanywa.

Sasa Bernadette, kaa chini. La tano wako watatu. Maman alipokuambia kwa simu kwamba Elikia ni wa tatu hakudanganya, ila naye hakuelewa. Mwanao ndiye wa mwisho, na amepata asilimia arobaini na moja. Si mjinga. Alikuja akijua Kifaransa, akakuta Kiingereza na Kinyarwanda, na miezi ya kwanza alinakili ubao bila kujua anaandika nini. Siku hizi anasoma mwenyewe na anauliza. Lakini la sita bado haliwezi, na Kifaransa chake kimelala mwaka mzima. Masista watampa mtihani, na atashindwa. Inaniuma kukuandikia haya, maana najua zile soda zilitoka moyoni.

Kuna jambo jingine, na hili linanihusu mimi. Tumeambiwa kwamba shule ikipungua chini ya watoto arobaini itaunganishwa na ile ya barabarani, na hapo wanafunzi wangu wadogo watatembea kando ya msitu asubuhi na jioni. Wanne wa la sita wanatoka, wanne wapya wanaingia. Elikia akiondoka tunabaki thelathini na tisa. Kwa hiyo yapime maneno yangu ukijua kwamba akibaki, mimi nafaidika. Sikutaka uje ulisikie kwa mwingine, useme kaka alimzuia mwanangu ili aokoe kengele yake.

Ndiyo maana nilimuuliza mwenyewe, bila kumgusia habari ya arobaini. Alikuwa anapukuchua maharage na Maman. Nilidhani atasema anataka kuja kwako, kwa jinsi anavyokulilia. Akaendelea kupukuchua, kisha akasema: “Muyomba, ambia mama tulikuwaka batatu tu. Mimi nataka nirudilie la tano.”

Unakumbuka uliponilalamikia kwamba hataki tena kuja kwenye simu? Ilianza siku ulipompongeza. Alikuwa anajua, na hakujua atakuambiaje.

Uamuzi ni wenu, wewe na shemeji. Mkimtaka, nitamleta mwenyewe hadi mpakani, na moyo wangu hautakuwa na kinyongo. Maman anakusalimu sana na anaomba chumvi na vile visamaki vya ziwani, sambaza wakavu. Elikia anakusalimu pia. Amesimama hapa mlangoni anaangalia kama nimeandika.

Mwakani la tano litakuwa na watoto kumi na mmoja. Akiwa wa tatu hapo, wanunulie kwaya soda tena, na mimi nitavuka nije ninywe yangu.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Ladislas Mutabazi